Nyumba ya Kuze: kapeti la koridoo

JUMATANO

Rukia, 20:11
Asalaam aleikum. Mumeziona picha nilizotuma mchana? Jumapili ni khitma ya Baba na ile koridoo bado ni taili tupu. Juzi Mama alikuwa apita ameshika ukuta kwa mikono miwili. Tuamue leo, kesho kutwa naenda Biashara Street.

Rukia, 20:32
Haloo

Rukia, 20:47
Watu sita mumesoma. Sita.

Fauz, 20:49
Waaleikum salaam da Rukia. Mimi nasema jekundu. Mama apite kama rais ashukaye ndegeni, sisi tumpigie saluti mlango wa jikoni

Athman, 20:50
😂😂 na wewe uwe bendi ya polisi

Rukia, 20:51
Fauz kama huna pesa nyamaza. Sikilizeni. Nimepima: upana futi 3, urefu futi 18. Twachukua kapeti la futi 2, taili ibaki kama sentimita 15 kila upande. Urefu mita 5, lisigonge ukuta huku wala kule. Dukani wakata kwa mita. Tukijaza ukuta kwa ukuta ile koridoo itazidi kubana.

Zuhura, 21:24
Ndiyo natoka shifti. Da Rukia, rangi iwe mwisho. Wazee waletwao wodini wamevunjika nyonga, wengine ukiwauliza wakwambia walinaswa na pindo la kapeti usiku wakienda chooni. Na Mama aburura mguu wa kushoto. Kapeti likijikunja pembe moja, yatosha. Ama likamatwe vizuri, ama lisiwekwe.

Rukia, 21:26
Ndiyo maana nimeshasema na fundi aje aligundishe. Gundi ya kapeti, kwisha.

Athman, 21:27
Aligundishe juu ya taili za nani

Rukia, 21:27
Za Mama.

Athman, 21:29
Taili nimelipa mimi. Nilisema hizi za kung'ara zikipata maji zitatuangusha, nikaambiwa sijui mambo ya nyumba. Leo zimekuwa za Mama.

Rukia, 21:30
Athman tusianze.

Fauz, 21:30
Mwenye njugu anipe kidogo

Athman, 21:34
Na mlango wa choo mumeufikiria? Wafunguka kwa nje, waja juu ya koridoo. Nimepanga shilingi tano tano sakafuni nikauvuta: tatu zikipandana wapita, nne waziangusha. Hiyo ni kama nusu sentimita. Lile la manyoya ulilotuma picha, Mama atafungiwa chooni.

Fauz, 21:35
Akifungiwa na simu anayo tutakoma sote

Swaleh (Doha), 21:52
Samahani nilikuwa kazini. Huku kuna mazulia ya sufi, ya mkono, mazuri sana. Naweza kuja nalo mwezi wa 12.

Rukia, 21:53
Khitma Jumapili, wewe wasema mwezi wa 12.

Zuhura, 21:58
Sufi kwa nyumba ile, kaka Swaleh? Masika kuta za mawe zatoka jasho mpaka kalenda zakunjika. Sufi itanuka, na hizi za katani ndizo za kufanya ukungu kabisa. Tuchukue la plastiki, lililofumwa bapa bila manyoya. Halifyonzi maji. Athman atalipandisha darini, atalimwagia ndoo mbili, adhuhuri limekauka.

Athman, 21:59
Athman tena

Maryam (Likoni), 22:06
Kwani mkeka una nini? Mama amekulia kwenye mikeka. Twamwambia mshonaji aunge ukili mrefu.

Zuhura, 22:07
Mkeka juu ya taili zile da Maryam ni kuteleza tu

Rukia, 22:08
Na tukileta mkeka utakwenda lilikokwenda lile busati.

Maryam, 22:08
Busati lipi

Rukia, 22:09
Wewe walijua.

Maryam, 22:13
Rukia. Busati mimi nililirudisha siku ya tatu baada ya harusi, kwa mkono wangu, mchana kweupe. Muulizeni aliyelipokea. Kila tukikaa kwa jambo la maana latolewa hilo.

Athman, 22:15
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Fauz, 22:15
Nimeusoma kabla hujafuta 😂😂😂

Rukia, 22:16
Aliandika nini?

Rukia, 22:31
Fauz aliandika nini?


ALHAMISI

Ami Salim, 05:48
Assalaam aleikum wanangu. Nimesoma yote baada ya swala. Koridoo hiyo ndiyo niliyompitishia babenu. Jeneza lilipita kwa taabu, twatembea ubavu, na kabati la viatu la pale mlangoni ilibidi livunjwe kwa kuwa lilikuwa limepigwa misumari ukutani. Watu walisimama nje juani wangoja. Hapo hapagundishwi kitu. Mtakachoweka kiwe cha kukunjwa na mtu mmoja na kutolewa.
Na busati liko kwangu.

Zuhura, 07:10
Waaleikum salaam Ami. Allah amrehemu Baba. Tumesikia.

Swaleh (Doha), 07:15
Amin

Fauz, 08:02
Amin. Shikamoo Ami

Rukia, 09:20
Amin. Sawa Ami, gundi haiko tena. Zuhura, sasa litakamatwa na nini?

Zuhura, 09:41
Kuna ule wavu wa mpira wa kutandika chini, nao wauzwa kwa mita. Ukatwe mdogo kuliko kapeti vidole viwili kila upande, usichungulie. Kapeti halitembei, na likitakiwa kutoka lainuliwa tu. Lakini unene wahesabiwa pamoja: kapeti na wavu visizidi zile shilingi tatu za Athman. Na kila wiki viinuliwe, sakafu ipate hewa, maji yasikae chini.

Rukia, 09:44
Ama fundi aupige randa mlango chini kidogo?

Athman, 09:45
Mlango wa mbambakofi wa babu? Kwa idhini ya nani?

Rukia, 09:45
Nauliza tu

Athman, 09:47
Na huko kuinua kila wiki ni nani?

Athman, 10:30
Watu sita mumesoma.

Athman, 12:15
Haya, nimemsomea Mama yote, toka juu mpaka chini. Asema yeye hakuomba kapeti. Ataka taa. Balbu ya koridoo imekufa tangu Rajab, na kila ajaye aingia amulika na simu, "Mama mbona giza", kisha aenda zake.

Rukia, 12:17
Mbona hukusema?

Athman, 12:18
Nilisema humu humu. Panda juu utafute, ni ile siku mulikuwa mwacheka yale ya friji.

Maryam (Likoni), 12:40
Kweli alisema

Rukia, 12:44
Haya. Taa NA kapeti. Kila mtu 1,500. Ami wewe usitoe kitu.

Swaleh (Doha), 13:05
Nimemtumia Athman 5,000. Taa kwanza.

Rukia, 13:06
Athman? Aendaye dukani ni nani?

Swaleh (Doha), 13:20
Akaaye na Mama ni yeye.


IJUMAA

Rukia, 11:38
Niko dukani. Picha hizo: la buluu iliyoiva, la rangi ya maziwa, na la mistari ya kukata. Upesi, wafunga kwa swala.

Zuhura, 11:40
La maziwa hapana, juu ya taili nyeupe Mama hataliona lilipoanzia. La mistari ya kukata hapana pia, kwa macho yake yale atadhani ni ngazi aanze kuinua mguu. Buluu.

Fauz, 11:41
Jekundu hawana?

Rukia, 11:43
Athman, pale penye meza ndogo pamebaki upana gani? Meza isije ikakanyaga kapeti nusu.

Rukia, 11:47
Athman shika simu

Athman, 11:55
Niko na fundi wa taa. Asema waya umeliwa na chumvi ndani ya ukuta, balbu peke yake haisaidii. Ataka kuchimba toka swichi mpaka mlangoni.

Rukia, 11:55
ASICHIMBE KITU. Khitma kesho kutwa!

Maryam (Likoni), 11:57
Watu waje wakae gizani?

Rukia, 11:58
Athman usimpe hata shilingi mpaka nije. Mimi nimeacha arbuni ya mita 5, la buluu, bila wavu, wavu umekwisha watasema Jumatatu. Salio nani atuma?