Naomba ushauri: nisomee maendeleo ya soka au nianze na leseni ya ukocha?

Habari zenu wadau. Niko Manyatta, Kisumu, na jioni hufundisha watoto mpira kwenye kiwanja cha shule ya msingi. Koni zetu ni chupa za soda tulizojaza mchanga. Njumu wanaazimana: mmoja akitoka, mwingine anazivaa zikiwa bado na joto. Mimi sitafuti kuwa nyota, magoti yalishakataa. Nataka kazi nyuma ya mchezo: kukuza vipaji, kuendesha akademia, labda uchambuzi wa mechi.

Kuna ngazi ya leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, inayoanzia leseni D, kisha C, B, A hadi Pro. Hiyo naweza kuipanda polepole nikiwa bado uwanjani. Halafu kuna shahada. Ile FIFA Master, shahada ya uzamili ya usimamizi wa michezo, inasomwa Leicester, Milan na Neuchâtel, lakini ni ya waliokwisha kuhitimu, na ada yake siwezi kuitaja mbele ya mzee. Yeye anataka nisomee ualimu. Sijamkatalia, maana soka la huku magharibi limelelewa sana shuleni. Tazameni Green Commandos, timu ya soka ya shule ya upili ya Kakamega.

Sasa naomba mnieleze: klabu zetu zikiajiri, zinaangalia leseni au cheti cha chuo? Shahada ya sayansi ya michezo ya hapa Kenya inafungua milango nje ya ukocha? Na kama kuna aliyefanya leseni huku akisoma chuo, aliwezaje kugawa muda na karo? Hata mkinipinga, semeni tu.