Mswada umekamilika: nianze na uhariri wa lugha au wa muundo?

WinoMbichi
Wakuu, naomba ushauri. Riwaya ina maneno 92,000, sura 31. Wasomaji watatu wa majaribio wamesifu lugha, ila wote wamepoteza hamu kati ya sura ya 7 na ya 12. Mhariri mmoja anataka aanze na sarufi na tahajia, mwingine anasisitiza uhariri wa muundo kwanza. Huyu wa pili hasa atanipa nini?

Prufu_ya_Mwisho
Muundo kwanza, mkuu. Ukilipia koma za sura ambayo baadaye itafutwa, umetupa pesa. Baada ya muundo ndipo mtindo wa sentensi, halafu sarufi na tahajia, na prufu, yaani nakala ya mwisho ya kukagua makosa kabla ya kuchapa, husomwa kurasa zikishapangwa.

Utapewa barua ya uhariri inayochambua msuko, wahusika, usimulizi na kasi, pamoja na maoni pembeni mwa mswada. Asikuandikie upya. Kazi yake ni kuonyesha pale hadithi inapolegea na sababu yake.

FundiMsuko
Watatu kukwama mahali pamoja si suala la ladha. Ila usikimbilie kutibu sura ya 7. Mara nyingi msomaji huchoka huko kwa sababu sura za mwanzo hazikumpa mhusika mkuu kitu anachokitaka na anachoweza kukipoteza.

Kabla hujalipa, tengeneza jedwali, mstari mmoja kwa kila onyesho: nani anasimulia, mhusika anataka nini, nini kinamzuia, mwishoni kimebadilika nini, maneno mangapi. Ujaze huku ukisoma mswada, usitegemee kumbukumbu, maana kumbukumbu huandika ulichokusudia badala ya kilichomo. Safu ya mabadiliko ikiwa tupu kwa maonyesho matatu mfululizo, umepata palipolala. Yaunganishe, au yafute na taarifa yake muhimu uihamishie kwingine.

Na tafadhali usichomeke ajali wala kifo ili kuchangamsha. Tukio lisilo na chanzo ndani ya hadithi huongeza kurasa tu. Kagua pia mbinu rejeshi, yaani pale hadithi inaporudi nyuma kusimulia yaliyopita: mbili ndefu zikifuatana, hadithi ya sasa inasimama.

NafsiYaTatu
Naongeza usimulizi, kwa kuwa watu huusahau. Mwandishi wa Marekani Harper Lee alipeleka mswada wenye mhusika mkuu mtu mzima. Mhariri wake, Tay Hohoff, alivutiwa na kumbukumbu za utotoni zilizokuwamo, akamshawishi aandike upya kwa mtazamo wa mtoto. Riwaya iliyotokana na kazi hiyo, To Kill a Mockingbird, ilitoka 1960. Hakuna marekebisho ya sarufi yangefika huko. Wewe jaribu onyesho moja la sura ya 8 kwa macho ya mhusika mwenye cha kupoteza zaidi.

WinoMbichi
Asanteni sana. Na barua ikisema mhusika fulani afutwe?

FundiMsuko
Iache siku chache ndipo ujibu. Tenganisha tatizo alilolibaini na dawa anayopendekeza. La kwanza huwa kweli mara nyingi zaidi kuliko la pili. Kisha orodhesha kazi za huyo mhusika: je, ndiye anayefichua siri, anayemzuia shujaa, au ambaye shujaa huzungumza naye? Kazi zote zikichukuliwa na mwingine bila kulazimisha, mfute. Moja ikikosa wa kuibeba, mbakize, umpe haja yake mwenyewe. Hifadhi nakala ya zamani yenye tarehe kabla hujagusa chochote.