Mrejesho: nyutro zilizochanganyika kwenye sanduku la umeme
Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini swichi ya kinga hukata umeme kila taa ya ngazi inapowashwa katika nyumba yetu ya Donholm, nami narudi na shukrani. Fundi alikuta nyaya za nyutro (zinazorudisha umeme), nyeusi za zamani na za buluu, zimesongamana bila alama, na ile ya taa ya ngazi imerudishwa kwenye saketi (njia ya umeme) ya ghorofa ya juu ilhali laivu yake, waya unaoleta umeme, inatoka ya chini. Kwa kuwa swichi hiyo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, tofauti hiyo iliihesabu kuwa uvujaji. Amerudisha kila nyutro kwenye saketi yake, akaifunga pamoja na laivu yake kwa kifungo cha plastiki na kuipa namba ya breka.

Kanuni ya Marekani mliyonitajia, NEC 200.4, hudai utambulisho wa namna hiyo nyutro za saketi tofauti zinapokutana katika sanduku moja. Haitufungi sisi Nairobi, lakini nimeshawishika kabisa, kwani nyutro ya kuazima, yaani inayobeba umeme wa saketi nyingine, yaweza kumpiga fundi shoti hata baada ya kuzima breka ya saketi anayoifanyia kazi. Tangu Jumapili umeme haujakatika.