Mada: Chuo hakina ada, ofisi ya wageni Ujerumani inadai euro 11,904

Mama Kasulu:
Ndugu zangu wa Kigoma na Tabora, salaam. Mpwa wangu yuko Ujerumani, semesta ya tatu, chuo cha serikali, ada hakuna. Kibali cha kuishi kinaisha baada ya wiki tatu, na ofisi ya wageni ya mji wake imemwambia Sperrkonto (akaunti ya benki iliyofungwa, unatoa kiasi kila mwezi) haitoshi, alete ushahidi wa mwaka mzima. Baba yake yuko Kasulu, ana pensheni na taarifa za benki. Je, barua ya baba na hizo taarifa zitapokelewa? Naomba msaada, mtoto halali usingizi.

Mwana Ujiji:
Pole dada. Kwanza tarehe, pesa baadaye. Maombi yafike kabla kibali hakijaisha, hata kama karatasi zina pengo: Imma mpya (cheti cha kuandikishwa chuoni), Notenspiegel (orodha ya alama), bima, Anmeldung (usajili wa makazi), mkataba wa nyumba. Kisha aombe Fiktion, yaani cheti cha muda wakati maombi yanasubiri. Akiwahi, kibali cha zamani kinaendelea kuhesabika na kazi anaruhusiwa. Asitegemee ahadi ya simu. Atume kwa maandishi na atunze uthibitisho.

Kiwango ni euro 992 kwa mwezi, mara 12 ndiyo hiyo 11,904. Kwenye kuongeza muda, mshahara nao unahesabiwa, kwa hiyo aambatanishe mkataba wa kazi na slipu za miezi ya karibuni. Tangu Machi 2024 mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka.

Muha wa Leipzig:
Kaka, ukieleza eleza yote. Kazi ya HiWi (msaidizi mwanafunzi) chuoni haimo kwenye hizo 140. Na akizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, bima ya kiwanafunzi inaweza kumponyoka hata kama siku zake hazijaisha. Watu wanachanganya mambo haya mawili kila mwaka.

Mhitimu wa Isevya:
Mwangaluka wakubwa. Vyuo hivi ni neema kweli kwa mtoto wa mkulima wa tumbaku, na nawatetea popote. Ila unafuu uko kwenye ada peke yake. Semesterbeitrag (mchango wa semesta) inalipwa kila semesta, sehemu kubwa mara nyingi ni tiketi ya usafiri. Ukipitisha siku ya Rückmeldung (kujiandikisha upya kwa semesta) unatozwa faini; ukiendelea kukaa kimya ni Exmatrikulation, yaani unafutwa chuoni, na kibali kinayumba nacho.

Linalowaangusha wengi ni mitihani. Nyumbani tumezoea CA (kazi na majaribio ya semesta) kubeba asilimia 40 kabla hujaingia UE (mtihani wa mwisho). Huku somo zima mara nyingi linaamuliwa na karatasi moja, na usipojisajili mwenyewe kwa wakati hakuna anayekutafuta. Sapu (mtihani wa marudio) ipo, lakini katika vyuo vingi nafasi ni tatu. Ya tatu ikikwama kwenye somo la lazima umedisko, yaani umeondolewa kwenye kozi, na fani hiyo mara nyingi husomi tena chuo kingine Ujerumani. Anayebeba zamu za usiku ili afikishe 992 ndiye anayefeli. Semesta moja ya ziada ni 992 mara sita, yaani 5,952. Ada aliyosamehewa anailipa hapo.

Dada wa Urambo:
Msiwaambie wadogo zetu kila chuo ni bure! Jimbo la Baden-Württemberg wasiotoka Umoja wa Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa semesta tangu 2017. TU München wameanza muhula wa baridi 2024/25, 2,000 hadi 6,000 kutegemea kozi. Wasome ukurasa wa chuo chenyewe kabla ya kulipa euro 75 za uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya vyuo.

Mzee wa Kibirizi:
Wanangu, nawasoma kutoka huku Kigoma. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja kwa vipande, ikaunganishwa hapa kwetu. Nchi hiyo na ziwa letu wanajuana zamani. Msome, mrudi, mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kubanika upo. Na hili la uraia pacha serikali ilimalize, tunawapoteza watoto.

Muha wa Leipzig:
Shikamoo mzee. Ujerumani waliruhusu tangu tarehe 27 Juni 2024. Kwetu mtu mzima akichukua uraia wa nje, wa Tanzania unakoma. Hadhi maalum anayopewa mwenye asili ya Tanzania si uraia, wala haikupi kura.

Mwana Ujiji:
Mada imehama. Mama Kasulu, mkiwa na ndugu Ujerumani mwenye mshahara wa kudumu, asaini Verpflichtungserklärung (ahadi rasmi ya kumgharamia) kwenye ofisi ya mji anaoishi YEYE, si wa mtoto. Ada ni euro 29, slipu mkononi. Aelewe anajifunga hadi miaka mitano. Mtoto akipewa msaada wa serikali, yeye ndiye atakayedaiwa.

Dada wa Urambo:
Na nafasi ya kuonana na ofisa aitafute leo, asubuhi na mapema. Watu hughairi, nafasi zikafunguka.