Makombora ya Khartoum, 1998: kujihami au kisasi?

Mleta mada:
Wakuu, jana tulibishana kijiweni hadi kahawa ikapoa, nikaona bora nilete hapa. Ijumaa ya Agosti 7, 1998, balozi za Marekani zililipuliwa Nairobi na Dar es Salaam, zikipishana dakika chache tu. Nairobi walikufa 213, na Wamarekani kati yao ni 12. Dar walikufa 11. Wiki mbili hazijatimia, Agosti 20, Rais Clinton akafyatua makombora: mengi yalikwenda kambi za Khost, Afghanistan, za Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda aliyelaumiwa kwa milipuko ile, mengine kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, Sudan. Je, ule ulikuwa utawala wa sheria?

Mimi nasema hapana, hasa kwa Al-Shifa. Marekani ilijitetea kwa Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayoruhusu nchi iliyoshambuliwa kujilinda. Sawa. Lakini kujilinda ni kuzuia pigo linalokuja; kumwadhibu mtu kwa lililokwisha kupita ni kazi ya hakimu. Na ushahidi wenyewe? Udongo uliochotwa karibu na kiwanda, wakasema una kemikali ya kutengenezea gesi ya sumu. Mlinzi wa usiku akafa. Picha zilizotoka pale zilionyesha chupa za dawa zimetapakaa kwenye kifusi. Mali za mwenye kiwanda, Salah Idris, zilizuiwa, na alipokwenda mahakamani 1999 zikaachiwa kimya kimya. Kiwanda kilipodai fidia, mahakama ya rufaa ya Washington ilisema 2010 kwamba hilo ni suala la kisiasa, majaji hawaliingilii. Yaani kombora lilitangulia, na kesi haikusikilizwa mpaka leo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, heshima yako, ila unaongea kama hukuwepo. Mimi siku hiyo ya mlipuko nilikuwa mjini Nairobi. Kwanza ulisikika mlio mdogo, watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia. Halafu likaja lenyewe. Vioo viliwaingia machoni, na jengo la Ufundi pale kando likalala chini lote. Wapo waliopofuka kwa sababu tu walitaka kujua kuna nini. Sasa niambie, ni polisi gani angekwenda Khost na pingu kumkamata bin Laden? Taliban, waliotawala Afghanistan wakati ule, wangemtoa? Hiyo sheria yako inamlinda nani?

Mchangiaji wa pili:
Pole sana ndugu yangu. Lakini pingu zilifanya kazi. Mmoja wa washtakiwa alikamatwa uwanja wa ndege wa Karachi siku ileile ya mlipuko. Mtanzania mwenzetu, Khalfan Khamis Mohamed, alinaswa Cape Town 1999 akapelekwa New York. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaikaripia serikali yake yenyewe: mlimkabidhi bila kudai ahadi kwamba hatauawa, mmevunja katiba. Mwaka huohuo yeye na wenzake watatu wakafungwa maisha. Bin Laden je? Makombora yote yale ya Khost, na akatoka mzima.

Mchangiaji wa tatu:
Hehe. Mbona KDF, jeshi letu la Kenya, ilipoingia Somalia Oktoba 2011 hamkuleta mada? Na 2015, siku chache baada ya al-Shabaab kushambulia Chuo Kikuu cha Garissa, ndege zetu zilipopiga kambi zao za Gedo, Somalia, si mlishangilia? Tukipiga sisi ni operesheni ya Linda Nchi, wakipiga wao ni kisasi?

Mleta mada:
Hapo umenishika, na nakiri nilishangilia. Tena Khost na Al-Shifa nimezichanganya isivyo haki: kambi ya watu wenye bunduki wanaofunzwa kuua si sawa na kiwanda cha dawa, na kwa Khost hoja ya kujihami ina miguu. Ila mzee wa Nairobi hajanijibu bado. Waliokufa wengi walikuwa Wakenya, lakini aliyechagua nani apigwe na wapi alikaa Washington. Wewe uliyekuwa mjini siku ile, ungeulizwa, Al-Shifa ungeitaja?