Tupeane uzoefu: mtoto wa kulea anapokaribia miaka 18

Mlezi, Bombo
Ndugu zangu, sheria ya watoto ya hapa Uganda humhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kijana ninayemlea ametimiza 17, na bado ananiuliza kama anaruhusiwa kufungua kabati la sukari. Mliolea, na hasa mliolelewa, mlianza wapi maandalizi ya kujitegemea?

Mama wa Jinja
Sisi tulianza na karatasi. Binti yetu aliletwa na ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya akiwa hana cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa raia kuanzia miaka 16, na asiye na namba yake hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe; na asiye na laini hana pesa za simu, ambazo kwa wengi wetu ndizo benki. Tulichukua barua kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, tukapitia tena kwa yule ofisa, kisha tukapanga foleni NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu. Foleni haikumsumbua. Kilichomuumiza ni fomu kuuliza ukoo na kijiji cha asili, maswali ambayo nyumbani tulikuwa tumeyakwepa kwa miaka mingi tukidhani tunamlinda. Ninawashauri myazungumze mapema, kabla hajaulizwa na karani mbele ya watu.

Nililelewa, Mbale
Shikamoo, Mzee wa Bombo. Mama mlezi wangu alinikabidhi hesabu ya jikoni kwa muhula mzima: posho (unga wa mahindi), maharage, mkaa, sabuni. Pesa zilipokwisha kabla ya mwisho wa mwezi hakuongeza, tulikula maharage bila mafuta, na ndugu zangu hawakunisamehe upesi. Nilipokwenda kupanga chumba, mwenye nyumba alidai kodi ya miezi mitatu kwa mpigo pamoja na mdhamini, na hapo baba mlezi alikuja mwenyewe kutia sahihi. Kabati la sukari, kwa maoni yangu, ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana: mtoto anayeomba ruhusa ya kila kitu hadi miaka 17 atapata wapi ujasiri wa kumkatalia mwajiri asiyemlipa?

Fundi wa Busia
Msimchagulie kazi. Wa kwangu nilimpeleka gereji, akatoroka. Sasa anashona, na wateja anao.

Mlezi, Bombo
Marahaba, mwanangu wa Mbale. Kabati nimelifungua, na hesabu ya jikoni ataanza nayo likizo hii. Dada wa Jinja, kwenye fomu mliandika ukoo gani hatimaye?

Mama wa Jinja
Wa mama yake. Mjomba wake tulimpata Kamuli kwa msaada wa mwenyekiti wa kijiji, naye akakubali kuja kushuhudia. Anzeni kutafuta sasa, kwa sababu kumpata kulichukua muda mrefu kuliko kitambulisho chenyewe.