Je, jeraha la kichwa la utotoni linaweza kumwathiri kijana miaka mingi baadaye?

Mama wa Kidato cha Pili:
Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo. Mwanangu alianguka kutoka juu ya mwembe akiwa na miaka 6, akapoteza fahamu, akalazwa, na baada ya CT scan tukaambiwa hakuna damu iliyovuja wala mfupa uliovunjika. Alifanya vizuri hadi darasa la saba. Sasa yuko kidato cha pili na walimu wanamwita mvivu, kwa kuwa huanza kunakili ubaoni akaishia njiani, na hukasirika kwa jambo dogo. Mara kadhaa nimemwona akiduwaa mezani, kijiko mkononi, nikimwita haitiki. Wakwe zangu wanataka aombewe. Je, ile ajali inaweza kuhusika?

Tabibu:
Pole sana, mama. Inawezekana, ingawa watoto wengi wanaoumia kidogo kichwani hupona kabisa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kupanga mambo, kuzuia hasira na kushika mambo kadhaa akilini kwa pamoja, huendelea kukomaa hadi takribani miaka 25; kwa hiyo athari huweza kujificha mpaka masomo yawe mazito. CT scan nayo huonyesha damu na mifupa, lakini nyuzi za neva zilizoumizwa na mtikisiko mara nyingi hazionekani humo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kule kuduwaa. Si kila kifafa humwangusha mtu akatokwa na povu. Kipo kinachomfanya aduwae kwa muda mfupi tu, na huweza kuanza miaka mingi baada ya jeraha. Mrekodi kwa simu, uangalie kama hutafunatafuna au huchezesha vidole, kisha aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu na kupimwa umeme wa ubongo. Kwa sasa asiogelee peke yake wala kupanda miti. Maombi hayazuii hospitali, endeleeni nayo.

Mwalimu wa Sekondari:
Mama, omba maelezo ya daktari kwa maandishi uyapeleke kwa mwalimu wa darasa, maana mtoto wa namna hii akichapwa kwa uvivu tunamwonea. Akae mbele, apewe muhtasari wa somo badala ya kunakili ubao mzima, na apumzishwe anapochoka. Nimeona hayo yakisaidia.

Mama wa Kidato cha Pili:
Asanteni sana. Ni kweli, huchezesha midomo kama anayetafuna, na akizinduka hakumbuki kwamba nilimwita. Je, niende moja kwa moja Muhimbili?

Tabibu:
Dalili hizo zinaongeza shaka ya kifafa, kwa hiyo usichelewe. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa upewe rufaa, hasa kama mnatumia bima, na uende na ile video pamoja na karatasi za zamani za kulazwa kama bado unazo. Lakini akipata degedege linalozidi dakika 5, hiyo ni dharura: mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na umkimbize hospitali iliyo karibu.